Mpishi Anayesikiliza Mto Aambiwa Anyamaze

Jumanne, tarehe 7 Novemba 2006. Anga la asubuhi hii ni safi kama sahani iliyooshwa. Hakuna wingu hata moja. Umande ni mwingi, upepo umetulia, na jua linachomoza upande wa Yatta bila kizuizi. Ni asubuhi ambayo mtu yeyote angesema leo hakuna mvua.

Saa kumi na mbili na robo, Kamanthe Kitheka anasimama katikati ya Mto Kyandutu akiwa na viatu mkononi. Mto huu, ulio chini ya vilima vya Kathiani, hauna maji. Una mchanga tu, mpana kama uwanja wa mpira.

Anapiga magoti. Ukimwona kwa mbali utadhani anasali, na hutakuwa umekosea sana, kwa sababu midomo yake inasema jambo. Kisha anachukua bakuli na kuanza kuchimba. Shimo kama hili Wakamba huliita kithima, na kwa miaka mingi akina mama wameteka maji humo wakati wa kiangazi. Kamanthe hateki. Anaingiza mkono na kupima.

"Jumamosi maji yalikuwa kwa kiwiko," anasema. "Leo iko kwa kifundo cha mkono. Mchanga umeshiba. Huko juu kumenyesha usiku, hata kama hapa hakuna tone. Maji ikija leo haitapata mahali pa kuingia. Itakimbia."

Anafukia shimo, anavaa viatu na kupanda ukingo hadi shuleni. Kazi yake aliyoajiriwa bado haijaanza. Kamanthe, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ni mpishi wa Shule ya Msingi ya Kyandutu. Anapika uji wa watoto wa chekechea na githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ya wanafunzi 412. Wazazi humlipa shilingi 1,800 kwa mwezi, mwezi ambao wamezipata.

Lakini ukiwauliza wanafunzi anafanya kazi gani, hawatataja githeri kwanza.

"Mwaitu anatufundisha mto," anasema Mukai, msichana wa darasa la tano. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo shule nzima inavyomwita.

Wanafunzi themanini na watatu wanaishi ng'ambo ya mto. Kila siku wanavuka mchanga huo mara mbili. Hatari yake ni kwamba mto hujaa wakati jua linawaka. Mvua inanyesha vilimani, kilomita kumi na mbili juu, na maji yanashuka kama ukuta hadi mahali ambapo watoto wanacheza kwenye mchanga mkavu. Redioni wanasema kutakuwa na mvua ya wastani katika maeneo ya mashariki. Redio haijui Kyandutu.

Saa tatu kamili, darasa la tano linatoka nje. Mwalimu wao wa sayansi ni Zamzam Umar, mwenye miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Majengo mjini Machakos. Mukai anainama juu ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa kwenye kigingi na kuingiza rula.

"Sufuri, mwalimu."

"Na kithima?"

"Kifundo cha mkono," anajibu Kamanthe kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Basi nani ataniambia? Mkebe unasema hakuna mvua, kithima kinasema iko. Nani mwongo?"

Darasa linafikiri. Mvulana mmoja anasema mkebe ni mwongo, na wenzake wanamcheka.

"Hakuna mwongo," anasema Mukai. "Mkebe unaongea juu ya hapa. Kithima kinaongea juu ya kule."

Mwalimu Zamzam anatikisa kichwa kukubali, na Kamanthe anarudi kwenye moshi wake akitabasamu. Somo limechukua dakika kumi na mbili. Hakuna kitabu cha serikali kilichofunguliwa, na labda hilo ndilo kosa lao.

Ukutani mwa darasa kuna jedwali kubwa lililochorwa kwenye karatasi za mfuko wa saruji. Wanafunzi wamelijaza tangu mwaka 2004, darasa moja likiliachia lingine. Upande wa kushoto kuna ishara ambazo Kamanthe alifundishwa na mama mkwe wake: mbuzi kukataa kushuka mtoni, upepo baridi unaokuja kwa kufuata mto, harufu ya udongo mbichi, sisimizi wanaohama. Upande wa kulia wanaandika kama maji yalikuja au hayakuja, na saa ngapi.

"Mbuzi ndiye namba moja," anaeleza Mukai kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. "Alikataa mara ishirini na mbili, maji yakaja mara kumi na nane. Upepo ni namba mbili. Sisimizi tuliwafuta kazi."

Kwa nini?

"Wanahama tu ovyo. Hata tukimwaga uji wanahama."

Mwalimu Zamzam anasema hakuja hapa kuthibitisha kila kilichosemwa na wazee, wala kukidharau. "Nilipofika mwaka 2003 nilimkuta mpishi amechora mistari kwenye gogo kando ya mto. Nikamuuliza ni nini, akaniambia ni maji ya mwaka gani na mwaka gani. Nikasema, huyu ni mwalimu mwenzangu. Ule upepo baridi una sababu: maji mengi yakishuka yanasukuma hewa mbele yake. Mbuzi anasikia mngurumo kabla yetu. Kwa sisimizi sikupata sababu, na jedwali halikupata pia. Sayansi ni hiyo."

Kisha kuna simu. Ni kuukuu, imefungwa kwa mpira, na inaning'inia kwenye msumari wa dirisha la jikoni, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao unapofika. Kule vilimani anaishi Musembi, kaka yake Kamanthe, ambaye pia ana mkebe na rula. Hana pesa za kupiga, kwa hiyo anabipu: simu ikilia tu, anakata. Bipu moja ni kwamba mvua kubwa imeanza. Mbili, mto umeanza kutembea kule juu, na watoto wa ng'ambo waende nyumbani mara moja. Tatu, ni maji makubwa, asivuke mtu. Kamanthe akisikia anagonga kengele, ambayo ni ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa nje ya jikoni.

Haya yote yalianza na vifo.

Mwezi Novemba 1997, mwaka wa El Niño, mto uliwachukua watoto wawili wa Nzilani Mutua: mvulana wa darasa la pili na dada yake wa darasa la nne. Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa likiwaka. Kamanthe alikuwa akiosha sufuria kwenye ukingo. Aliona mbuzi wa jirani wakigoma kushuka. Alisikia ubaridi kwenye shingo.

"Nilijua," anasema. Anaacha kukoroga. "Nilijua, na walimu walikuwa wamesema watoto waende. Mimi ni mpishi. Nikasema moyoni, wewe Kamanthe, utawaambia nini watu wamesoma? Hata jina langu sikuwa najua kuandika vizuri, nilikuwa nimeanza tu darasa ya gumbaru, ile ya watu wazima, jioni. Nikanyamaza. Watoto wakashuka wakiimba."

Anasukuma ukuni ndani. Kuni zinalia motoni.

"Kila asubuhi naomba Mungu vitu viwili. Mvua inyeshe. Na mto ungoje watoto. Lakini najua pia Mungu alinionyesha siku ile, na ni mimi sikufungua mdomo."

Baada ya mazishi viongozi walikuja na magari. Mwaka 1998 liliahidiwa daraja la miguu. Miaka minane imepita na hakuna hata nguzo moja. Kilichokuja ni malori. Yanaingia mtoni kila siku, hata Jumapili watu wakiwa kanisani, na kuchota mchanga wa Kyandutu kwenda kujenga maghorofa mijini. Mto uliokosa daraja umejenga nyumba za watu ambao hawajui jina lake. Malori hayohayo yaling'oa vigingi sita vya kupimia kina cha maji, ambavyo wanafunzi walikuwa wamevipaka rangi na kuvitia alama za sentimita.

Ubaya wake uko kwenye jedwali la ukutani, kwa mwandiko wa watoto. Mwaka 2004 maji yalichukua dakika 110 kutoka kwa Musembi hadi shuleni. Mwaka huu yanachukua dakika 80. Mchanga ndio uliokuwa ukiyazuia na kuyanywa. Mchanga ukiondoka, maji yanakimbia. Nusu saa ya uhai wa watoto imepakiwa kwenye malori na kuuzwa.

Tarehe 9 Oktoba, Mukai na wenzake wawili walisoma hesabu hiyo katika baraza la chifu, mbele ya madalali wa mchanga. Watu walipiga makofi. Madalali hawakupiga.

Siku tisa baadaye, afisa mmoja wa elimu alifika shuleni bila taarifa. Hakuna ushahidi kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Wazazi wana kalenda tu.

Afisa aliketi na walimu katika chumba kilicho kando ya jikoni. Simu ikalia mara moja, ikakata. Ikalia tena, ikakata. Kamanthe aliingia kueleza. Walimu waliokuwepo wanakumbuka maneno ya afisa neno kwa neno.

"Mama, mwambie huyo mpenzi wako anunue kredo."

Watu wengine walicheka. Kamanthe alisema ni kaka yake, na ni habari ya mto. Afisa alinyoosha mkono nje hadi dirisha la jikoni lililokuwa karibu, akaizima simu kwa kidole chake na kusema kikao kiendelee.

Bipu ya tatu haikumpata mtu. Siku hiyo Musembi alikuwa amekosa mtandao kwa zaidi ya saa moja, na maji yalikuwa tayari njiani.

Madarasa ya chini yalikuwa yanaachiliwa saa ileile. Watoto thelathini na mmoja walikuwa tayari mchangani Kamanthe alipotoka na kuona mbuzi wa ng'ambo wamegeuka, wote, wakipanda juu kwa kukimbia. Hakwenda kuomba ruhusa. Alishuka ukingo akipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko na kupiga kelele kwa Kikamba. Mwalimu Zamzam alimfuata. Walipomtoa mtoto wa mwisho, maji yalikuwa yamemfika Zamzam magotini. Dakika tano baadaye yalikuwa yamefunika kichaka ambacho mtu mzima hawezi kukiruka.

Gari la afisa lilikwama upande wa shule hadi jioni, mto ulipopungua. Alisikia njaa. Alipewa githeri ya Kamanthe, akala, akaongezwa.

Kisha alikwenda ofisini kwake na kuandika barua.

Barua hiyo ya tarehe 30 Oktoba ina kurasa mbili. Inasema mpishi hana cheti cha kufundisha na arudi kwenye majukumu yake. Inasema jedwali lina mambo ya ushirikina na litolewe ukutani. Inasema simu iondoke shuleni kabla ya Ijumaa, tarehe 10 Novemba, na kengele isigongwe na mtu yeyote bila ruhusa ya mwalimu mkuu, kwa sababu mwaka huu masomo yamekatizwa mara tano bila sababu. Matukio ya tarehe 18 Oktoba yanaitwa "ghasia zilizosababishwa na mpishi". Mwandishi wa makala haya ameisoma mara tatu. Neno maji halimo.

Kamanthe hapingi ile hesabu ya mara tano. "Ni kweli. Mara tano niligonga na maji haikuja. Watoto wa ng'ambo walichelewa kufika nyumbani wakiwa na njaa, na wazazi walinitukana. Lakini hao watoto bado wako. Unaweza kuwaita hapa uwahesabu."

Leo saa nane mchana wazazi wameitwa ili barua isomwe. Wameketi nje ya jikoni kwenye madawati yaliyotolewa darasani, wapatao sitini, kutoka pande zote mbili za mto. Sala inaombwa. Mwalimu mkuu, Bwana Maundu, mtu mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu, anasimama na karatasi zake.

"Mimi nasoma tu," anaanza. "Sikuiandika."

"Soma, tumekuja kusikia," anajibu mzee mmoja.

Anasoma. Anapofika kwenye neno ushirikina kunatokea mguno. Mama mmoja anauliza kwa sauti kama mbuzi naye ataandikiwa barua. Watu wanacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Saa nane na dakika kumi, simu inalia dirishani. Mara moja. Inakata.

Bwana Maundu anaendelea kusoma, polepole zaidi. Kamanthe amesimama mlangoni mwa jikoni, hasogei. Juu bado hakuna wingu.

Saa nane na dakika ishirini na tano inalia tena. Inakata.

Sasa hakuna anayesoma. Wazazi sitini wamenyamaza, wote wakitazama dirisha moja. Wanangoja ya tatu. Mtoto mchanga analia na kunyamazishwa. Bwana Maundu ameshika barua kwa mkono wa kushoto, na mkono wake wa kulia umeinuka kidogo, vidole viwili vikiwa vimenyooka.

Nzilani ndiye anayevunja ukimya. Ni yuleyule aliyezika watoto wawili.

"Mwalimu mkuu," anasema taratibu, "unahesabu ushirikina?"

Mzee wa watu anatazama vidole vyake.

Kamanthe anapiga hatua moja mbele. "Bwana Maundu, barua inasema niombe ruhusa. Ni bipu mbili. Watoto wa ng'ambo wanatakiwa kwenda sasa hivi. Naomba ruhusa nigonge kengele."

Bwana Maundu anatazama barua. Anawatazama walimu wake, kisha Nzilani. Amebakiza miaka miwili.

"Gonga," anasema. Kisha kwa sauti ya juu zaidi, "Gonga, mama!"

Ringi inalia bonde zima. Watoto themanini na watatu wanatoka kwa mistari kama walivyofundishwa, wakubwa wakishika mikono ya wadogo, na wazazi wa ng'ambo wanavuka nao. Wengine wanasimama ukingoni kuhesabu. Mukai, ambaye nyumba yao iko upande wa shule, ameshika daftari na saa ya mwalimu wake. Lori moja limo mtoni, na wapakiaji wanatazama msafara huo wakiwa wameegemea sepetu. Kamanthe anawapigia kelele watoke. Wanamcheka kwanza. Kisha wanaona watu wazima wanakimbia, na dereva anawasha injini.

Kamanthe mwenyewe anaishi ng'ambo. Anakataa kuvuka kabla ya mtoto wa mwisho kuvuka, na mtoto wa mwisho alikuwa amerudi darasani kuchukua sweta. Mtoto huyo anapovuka, muda umebaki mchache, na Mwalimu Zamzam anamkataza mpishi kujaribu. Usiku huu atalala jikoni.

Upepo baridi unakuja kwanza, ukifuata mto. Kisha mngurumo. Saa tisa na dakika arobaini na tatu, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanageuza kona, yamebeba matawi na ndoo ya mtu. Jua linawaka.

"Dakika sabini na nane," anasema Mukai, na kuandika. Ni pungufu ya themanini.

Bwana Maundu bado ana barua mkononi. Anaikunja, anaitia mfukoni, na kusema jedwali litabaki ukutani hadi atakapoandikiwa tena, na kwamba yeye naye anajua kuandika. Kuhusu simu anasema Ijumaa bado haijafika. Lakini hata barua ikishindwa, daraja bado halipo, na kesho asubuhi malori yatarudi.

Kamanthe ana mpango mdogo. Anataka kila shule iliyo kando ya Kyandutu, kutoka vilimani hadi chini, iwe na mkebe, rula, na mtu mmoja wa kubipu. Mwakani anataka pia kufanya mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto anaowapikia, ili siku nyingine barua ikiuliza cheti, awe na cha kuonyesha.

Lakini sasa anashuka hadi mahali ambapo ukingo unaanza kuwa na matope. Mbele yake ni maji. Ng'ambo wamesimama wazazi waliovuka na watoto wao. Nyuma yake wamesimama waliobaki, mwalimu mkuu na Nzilani wakiwa kati yao. Kamanthe anainua mkono wenye mwiko, na kwa kuwa mto una kelele, analazimika kupaza sauti ili wote wamsikie.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu, nyinyi wa huku na nyinyi wa ng'ambo! Leo niliomba ruhusa, nikapewa. Siku ya bipu tatu sitaomba. Nitagonga kwanza, watoto watoke, halafu nitakuja mwenyewe ofisini kuchukua barua yangu ya kufutwa!"